Juu ya Waislamu na Elimu ya Hisabu

Swali moja huwarudia mara nyingi waalimu wa shule zetu, nao mara nyingi hulijibu kwa haraka kupita linavyostahili: je, mtu aweza kuwa Mwislamu wa kweli, mwenye kusali sala tano na kufunga Ramadhani, na papo hapo awe mtu wa sayansi, mwenye kusadiki kwamba mambo ya ulimwengu huenda kwa kanuni zinazoweza kupimwa na kuhesabiwa? Wako wajibuo kwamba haiwezekani. Ati mtoto akiisha kujua mzunguko wa dunia na sababu ya kupatwa kwa mwezi, dini ya baba zake itampukutika yenyewe kama jani kavu. Na wako wazee wa Kiislamu wajibuo vivyo hivyo, ila hawa huliogopa jambo ambalo wale wa kwanza hulitumaini, wakamwondoa mtoto shuleni. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina upungufu wa habari, na hasara yake humwangukia mtoto, ambaye hakuulizwa neno.

Tuanze na maneno, kwa kuwa lugha yenyewe ni shahidi. Mswahili ahesabupo, moja hata tano ni maneno ya asili ya Kibantu, na nane na kumi pia. Lakini sita, saba na tisa ametwaa kwa Waarabu, akaliacha neno lake la zamani, kenda, ambalo leo hulisikii sana ila kwa wazee na katika mashairi. Makumi yote baada ya kumi ni ya Kiarabu, na mia na elfu. Neno sifuri ndilo lile lile lililovuka bahari kwenda Ulaya: Leonardo wa Pisa aliliandika kwa Kilatini katika kitabu chake cha hisabu cha mwaka 1202, na kutokana nalo mataifa ya Ulaya yamepata majina yao ya tarakimu ile. Na vipande vya kitu kizima, yaani nusu, thuluthi, robo, sudusi, thumni, vyote ni vya Kiarabu. Msomaji asifikiri kwamba vipande hivi vililetwa na wafanya biashara peke yao. Vililetwa na makadhi vile vile. Maana Korani, katika sura yake ya nne, huwagawia warithi kwa vipande sita tu: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi moja, na sudusi, na mtu asiyejua kuvijumlisha hawezi kumzika baba yake akagawanya mali kwa haki.

Lakini yako maneno mengine yanayotutega. Falaki kwa Kiarabu ni elimu ya mwendo wa nyota. Pwani yetu “kupiga falaki” kumekuwa ni kutazamia bahati ya mtu. Mnajimu naye kwa watu wengi ni mwaguzi. Basi mwalimu asemapo mbele ya wazazi kwamba atawafundisha watoto unajimu, asishangae wakinung’unika. Wanachuoni wa Kiislamu wenyewe tangu kale waliwakemea watabiri kwa ukali, huku wakiwaheshimu wapimao nyota kwa ajili ya saa za sala. Mwalimu naye na aitenge kazi hii na ile kwa maneno wazi, kwamba atafundisha mwendo wa nyota wala si uaguzi.

Sasa twarudi kwenye mirathi, kwa sababu hapo ndipo imani na hisabu zilipokutana uso kwa uso mapema sana. Tumtwae mtu aliyekufa akaacha mke mmoja, binti wawili, baba na mama. Mke, kwa kuwa wako watoto, fungu lake ni thumni. Mabinti wawili fungu lao ni thuluthi mbili. Baba ana sudusi na mama ana sudusi. Mwanafunzi wa darasa la sita na ajumlishe. Akitumia ishirini na nne kuwa shina, mke ana 3, mabinti 16, baba 4, mama 4, jumla 27. Mali ina mafungu 24, na wenye haki wanadai 27. Ikiwa mali ni shilingi 2,160, mke anadai 270, mabinti 1,440, wazee wawili 720, nazo zote ni 2,430. Zimepungua shilingi 270, wala haiko sanduku la kuzitoa.

Jambo hili lilitokea kweli. Husimuliwa kwamba la kwanza lilifika mbele ya khalifa Umar, aliyetawala tangu 634 hata 644, nalo lilikuwa la mwanamke aliyeacha mume na dada wawili: nusu na thuluthi mbili, yaani saba juu ya sita. Umar aliwakusanya masahaba akawauliza shauri. Hoja iliyoshinda ilikuwa hoja ya madeni: mtu akifa na deni kubwa kuliko mali yake, wadai hawaambiwi kwamba huyu atalipwa na yule hatalipwa, kila mmoja hupunguziwa kwa kadiri ya haki yake. Basi na warithi wafanyiwe vivyo hivyo. Shina la sita lilipandishwa likawa saba, na njia hii ikaitwa awl. Katika mfano wetu, mali hukatwa mafungu 27 badala ya 24, kila fungu shilingi 80: mke hupata 240, mabinti 1,280, baba 320 na mama 320. Jumla 2,160 kamili. Husimuliwa tena kwamba Ali aliulizwa mfano huu huu naye yu juu ya mimbari akihutubu, akajibu papo hapo, bila kukata hotuba yake, kwamba thumni ya yule mke imegeuka kuwa tusui, yaani sehemu ya tisa. Na tazama, 240 mara tisa ni 2,160.

Si wote waliokubali. Ibn Abbas, binamu ya Mtume, alikataa, akasema kwamba Mungu, ajuaye idadi ya chembe za mchanga wa jangwani, hangeweka katika mali moja mafungu yasiyoenea ndani yake. Kwa hiyo wako warithi ambao haki yao haipunguzwi, na wako ambao upungufu huwaangukia wao. Washia Ithnaasheri, ambao wako wengi katika miji yetu ya pwani, hufuata njia iliyo karibu na hiyo hata leo. Wasuni hufuata awl. Twawaomba wasomaji wetu waangalie sana nini kilichobishaniwa hapa. Hakuna upande uliosema kwamba 27 zaweza kuenea katika 24 kwa kuwa ni neno la dini. Hisabu ilisimama mahali pake, haikuguswa na mtu. Waliyobishana ni maana ya hukumu, na nani apunguziwe. Wako Wakristo waliofanya jambo hili silaha ya mabishano, wakidhani wamempata Mwislamu penye udhaifu. Silaha hiyo ni butu. Sheria ya muflisi, katika taifa lo lote, ina tatizo lile lile na dawa ile ile.

Kutoka katika haja hii ilizaliwa elimu kubwa. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyekaa Baghdad zamani za khalifa al-Ma’mun, karibu na mwaka 820, aliandika kitabu cha kutafuta hesabu isiyojulikana kwa kusawazisha pande mbili. Neno moja la jina la kitabu hicho, al-jabr, ndilo jina la aljebra ya shule zetu. Na jina la mwandishi mwenyewe, likiisha kutamkwa vibaya na Walatini, limekuwa jina la kila utaratibu wa kuhesabu kwa hatua. Sehemu kubwa ya kitabu hicho si kitu kingine ila mirathi na wasia. Mwalimu anayefundisha aljebra kwa mifano ya mabirika ya maji na treni zinazopishana, na darasani mwake mna watoto wa Kiislamu, ana mifano iliyo karibu zaidi nao, wala haimgharimu kitu kuitumia.

Mtu atasema: hayo ni ya makadhi, wanatheolojia wao walisemaje? Hapa hatuna budi kumsikiliza al-Ghazali, aliyekufa mwaka 1111 huko Tus katika Uajemi, maana kati ya wanachuoni wa Kisuni ni wachache waliopata sifa kuliko yeye, na katika nchi zetu zinazofuata madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yake, jina lake lina uzito. Katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini aligawanya faradhi mbili: ile inayompasa kila mtu, kama sala, na ile inayoupasa mji wote kwa jumla, ambayo wakiitenda baadhi ya watu wengine wamesamehewa, na wasipoitenda hata mmoja wote wana dhambi. Waislamu wa kwetu huijua sana faradhi hii ya pili, ya kifaya, kwa kuwa kumwosha maiti na kumsalia ni katika hiyo. Basi al-Ghazali ameweka ndani yake uganga wa miili, na hisabu pia, kwa ajili ya biashara na kugawa mirathi. Yaani mji usio na mtu ajuaye hisabu, watu wake wote wamekosa mbele ya Mungu. Mzazi atakayeambiwa neno hili na mwalimu wake wa chuo hatamwondoa mtoto shuleni upesi.

Na katika kitabu alichokiandika karibu na mwisho wa maisha yake, akisimulia jinsi alivyotafuta yakini, asema kwamba hisabu ina hatari mbili. Ya kwanza ni ya mtu anayeona jinsi hisabu ilivyo thabiti, akadhani kwamba kila neno la wenye hisabu, hata juu ya Mungu na roho, lina uthabiti ule ule. Ya pili ni ya rafiki mjinga wa dini, anayedhani kwamba dini husaidiwa kwa kukanusha kila wasemalo wenye elimu, hata sababu ya kupatwa kwa jua na mwezi. Mwenye kujua sababu hizo kwa dalili zisizo shaka, akimsikia mjinga huyu, hatatia shaka dalili zake. Atatia shaka dini. Hatujui mahali pengine ambapo hatari hizi mbili zimeelezwa kwa uwazi kuliko hapo, nazo si za Waislamu peke yao.

Katika habari ya kupatwa kwa jua yeye hutegemea jambo lililomtokea Mtume mwenyewe. Siku alipokufa Ibrahim, mwana mdogo wa Muhammad, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Baba aliyefiwa aliwakataza: jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Akasali pamoja nao. Wanafalaki wa siku hizi wakirudisha hesabu nyuma hukuta kupatwa kwa jua tarehe 27 Januari 632, kulikoweza kuonekana Madina. Twalisema hili kwa kuwa Kiswahili chetu, kwa neno kupatwa, hudokeza kana kwamba kiko kitu kinachoukamata mwezi, na watoto wamesikia habari za joka. Mwalimu akieleza kivuli cha dunia kwa chungwa na taa, hapingi sala ya kupatwa isaliwayo msikitini, wala sala hiyo haimpingi yeye.

Walakini hatutaki kumchora al-Ghazali kana kwamba hana upande mgumu. Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alichokimaliza mwaka 1095, alichukua mfano wa pamba na moto. Twaona pamba ikigusa moto inaungua. Lakini, asema, jicho limeona kuungua pamoja na kugusa, halikuona kwamba moto ndio ulioifanya kazi. Mfanyaji ni Mungu, naye amezoea kufanya hivi kila mara. Angependa, pamba ingetoka salama. Ibn Rushd wa Kordoba, aliyekufa 1198, alimjibu kwa nguvu kwamba mwenye kuziondoa sababu ameiondoa akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu yake. Mashindano haya hayajaisha, na sisi hatutayamaliza hapa. Yatosha kusema kwamba al-Ghazali hakufundisha kwamba pamba ya kesho haitaungua. Aliitumaini desturi ya Mungu kama mwingine anavyoitumaini kanuni ya maumbile, na mtu aweza kupima na kuhesabu chini ya jina hili au lile. Mtoto akiulizwa kwa nini maji yachemka akajibu, “Mungu amependa,” si vema kumkemea wala kumcheka. Aulizwe swali la pili: Amependa kwa njia gani? Hapo somo huanza.

Tena yako maneno yaliyozoewa katika vitabu vya Ulaya, kwamba al-Ghazali aliua sayansi ya Waislamu. Tarehe zinakataa. Chuo cha nyota cha Maragha kilianza 1259, na mkuu wake alikuwa Nasir al-Din al-Tusi. Ibn al-Shatir, aliyekufa 1375, alikuwa mshika saa wa msikiti mkuu wa Dameski, kazi yenye mshahara wa msikiti, na hesabu yake ya mwendo wa mwezi yafanana sana na ile aliyoiandika Copernicus karne mbili nyuma yake. Al-Kashi wa Samarkand, mwaka 1424, alihesabu uwiano wa duara na kipenyo chake hata nafasi kumi na sita baada ya nukta. Huko kupungua kulikofuata kuna sababu nyingi za vita, za mali na za utawala; kumtwika mtu mmoja ni uvivu.

Habari za karibu zaidi tutazipitia kwa ufupi. Sayyid Ahmad Khan wa Bara Hindi, aliyeanzisha chuo cha Aligarh mwaka 1875, alifundisha kwamba neno la Mungu na kazi ya Mungu haviwezi kupingana. Abdus Salam wa Pakistani alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, naye hakuacha kusema kwamba Korani ndiyo iliyomhimiza kutafakari maumbile. Yeye alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo bunge la nchi yake lilikwisha kuitoa katika hesabu ya Waislamu mwaka 1974. Lakini ugomvi ule ulikuwa wa unabii, si wa fizikia. Kuhusu mwanzo wa mwanadamu, Waislamu wengi wana taabu na mafundisho ya sayansi, na Wakristo wengi pia. Jambo hilo hisabu haiwezi kulipatanisha, nasi twaliacha.

Liko moja linaloigusa miji yetu kila mwaka, nalo ni mwandamo wa mwezi. Sheria imefungamana na kuonekana kwa mwezi kwa macho. Hesabu nayo yajua mwezi utakapozaliwa hata kwa dakika. Mabohora hufuata kalenda yao iliyohesabiwa, kwa hiyo huweza kuanza kufunga siku moja au mbili mbele ya jirani zao. Kwa Mashafii walio wengi jicho ndilo hakimu. Hata hivyo Taqi al-Din al-Subki, kadhi wa Kishafii wa Dameski aliyekufa 1355, aliamua kwamba mashahidi wakija kusema wameuona mwezi katika usiku ambao hesabu ya yakini yakataza kuonekana kwake, ushahidi wao urudishwe, kwa kuwa jicho hukosea na hesabu ya namna ile haikosei. Wengi hawakumfuata. Mwalimu Mkristo asijitie katika ugomvi huu. Ila wanafunzi wakubwa waweza kuambiwa kwamba hoja ya hesabu ilizaliwa ndani ya nyumba yao, haikuletwa na shule.

Twamaliza na kibla, kwa sababu ndiyo somo tunalolipendekeza hasa. Al-Biruni, aliyezaliwa 973, aliandika kitabu kizima, kilichokamilika 1025, cha kutafuta mahali pa miji juu ya tufe la dunia, ili apate kibla ya Ghazna kwa hakika. Katika kitabu kingine cha vivuli na saa za sala amesimulia habari ya mtu wa dini aliyekataa chombo cha kupimia saa kwa kuwa kilichorwa majina ya miezi ya Warumi. Al-Biruni alimwambia kwamba Warumi pia hula chakula na kutembea sokoni. Basi na hayo mawili ayaache, asifanane nao. Jibu hili tungependa lijulikane na wazazi wengi, na na waalimu wengi.

Pwani yetu bahati imetupa jambo jepesi. Makka iko karibu sana juu ya mstari ule ule wa kaskazini na kusini kama Mombasa na Unguja. Toka Unguja kibla imepinda kama digrii moja tu kuelekea mashariki. Ndiyo maana misikiti ya kale, hata ule wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, hutazama kaskazini, na ndiyo maana katika Kiswahili cha pwani neno kibla lilitumika pia kwa maana ya kaskazini yenyewe. Lakini mtu wa Unguja aliyefuata njia ya misafara hata Ujiji, akaendelea kusali kuelekea kaskazini kwa mazoea ya kwao, alikuwa amekosea kwa digrii 20; na huko Kasongo, katika Kongo, kwa digrii 26. Neno lake lilimwambia kaskazini ni kibla. Hisabu peke yake ndiyo ingeweza kumwambia kwamba sivyo tena.

Hisabu ya pembetatu juu ya tufe ni ngumu kwa watoto, lakini iko njia isiyohitaji kalamu. Makka iko kaskazini ya ikweta kwa digrii 21 na sehemu kidogo, ndani ya mipaka ya jua. Kwa hiyo mara mbili kila mwaka jua husimama sawasawa juu ya Al-Kaaba. Kwa saa ya Afrika ya Mashariki, ambayo ni moja na saa ya Makka, huwa tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 za mchana. Dakika hiyo, kila atazamaye jua anatazama upande wa Makka. Simika kijiti uwanjani kwa timazi, ngoja saa, uchore mstari juu ya kivuli: ncha ya kivuli hata shina la kijiti ndiyo kibla. Kisha walete watoto dira, wapime pembe baina ya mstari huo na kaskazini ya kweli, na kila shule iandikie shule nyingine pembe yake, ya Tabora na ya Ujiji, ya Lamu na ya Kilwa, wazichore zote juu ya ramani moja. Huko Kasongo saa zao ziko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo wapime saa tano na dakika 18. Mwezi wa Mei mvua za masika bado hazijatuacha. Atakayefunikwa na mawingu angoje tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua litakapopita tena.